Wingu Si Mvua: Lugha ya Viashiria vya Protini katika Saratani ya Matiti na ya Mlango wa Kizazi

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kubeba maarifa kuhusu viashiria vya protini, yaani protini ambazo wanapatholojia huzisoma ili kukadiria tabia ya saratani na uwezekano wake wa kuenea mwilini. Saratani ya matiti na ile ya mlango wa kizazi, ambazo ndizo zinazowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya, zimeteuliwa kuwa mfano. Kwa kuongozwa na semiotiki ya Charles Sanders Peirce pamoja na kanuni za uundaji wa istilahi, makala inadai kwamba tatizo kuu si uhaba wa maneno bali ni kutotenganishwa kwa dhana: dalili na kiashiria, hatua na daraja, chanya ya maambukizi na chanya ya kipokezi, kuenea na uwezo wa kuenea. Mapendekezo ya istilahi yanatolewa mwishoni.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu asiyetaka kuona jambo linalokuja. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, methali yenyewe ina tahadhari ya pili ambayo huwa haitajwi. Wahenga hawakusema kwamba mawingu ni mvua. Yako mawingu yanayopita bila kudondosha hata tone, na iko mvua inayomkuta mkulima hajaanua mahindi yake. Anayejua kusoma mawingu hutazama rangi yake, upande yanakotoka, upepo na majira, ndipo anapotoa kauli.

Usomaji wa namna hiyo ndio unaofanyika katika maabara ya patholojia. Chukuliwe mfano wa mama wa makamo aliyekatwa kipande kidogo cha uvimbe titini. Baada ya wiki kadhaa anapewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna herufi na tarakimu: ER asilimia 90, PR asilimia 60, HER2 2+, Ki-67 asilimia 15. Binti yake anayesoma chuoni anaombwa amfafanulie. Binti anaipitia karatasi, kisha anasema, "Mama, wanasema vipokezi ni chanya." Mama anashtuka na kuuliza, "Chanya? Kwani nina virusi pia, mwanangu?" Binti hajadanganya, wala mama si mjinga. Neno moja limebeba dhana mbili, na baina yao pamezuka hofu ambayo ugonjwa wenyewe haukuileta. Kwa hakika habari iliyomo katika sehemu hiyo ya karatasi ni miongoni mwa habari njema ambazo mgonjwa wa saratani ya matiti anaweza kupewa.

Umuhimu wa suala hili hauhitaji kutiliwa chumvi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani walipatikana na saratani ya matiti na wapatao 670,000 wakafa kutokana nayo. Saratani ya mlango wa kizazi iliwapata wapatao 660,000 na kuwaua wapatao 350,000. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Kwa Wakenya wengi lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hivyo, swali la iwapo Kiswahili kinaweza kueleza kiashiria cha protini si la kujifurahisha darasani. Ni swali la iwapo mgonjwa anaikubali au kuikataa tiba akiwa anajua anachokikubali au kukikataa.

2.0 Majina ya Ugonjwa na Mahali Ulipo

Kabla ya kuzungumzia viashiria, ni muhimu kuangalia jina la ugonjwa wenyewe. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Waarabu nao walifuata sitiari ya Wayunani wa kale, ambao waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa, kwa jinsi mishipa iliyovimba inavyotanda kuuzunguka uvimbe mfano wa miguu ya mnyama huyo. Mswahili wa leo hamwoni kaa anapotamka saratani, ila katika elimu ya nyota ambako buruji ya Kaa huitwa kwa jina hilo hilo. Sitiari imekufa, istilahi imebaki. Sambamba na saratani lipo neno kansa, lililotoholewa kutoka Kiingereza, na ambalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ile ile ya kaa. Visawe hivi viwili havina madhara, maadamu vyote vinarejelea dhana moja.

Madhara yapo katika jina la kiungo. Saratani inayoanzia kwenye sehemu ya chini ya mji wa mimba, pale unapokutana na uke, imepewa majina mengi katika vyombo vya habari na mabango ya afya: saratani ya mlango wa kizazi, ya shingo ya kizazi, ya lango la uzazi, ya njia ya uzazi, na hata ya nyumba ya uzazi. Majina matatu ya kwanza yanaelekeza mahali pamoja. Mawili ya mwisho yanapotosha. Njia ya uzazi inaweza kufahamika kuwa uke, na nyumba ya uzazi ni mji wa mimba wenyewe, ambao una saratani yake iliyo tofauti kwa chanzo, kwa vipimo na kwa tiba. Mwanamke aliyeambiwa kwamba chanjo inakinga saratani ya nyumba ya uzazi ameahidiwa jambo ambalo chanjo hiyo haikuundwa kulitimiza. Makala hii inatumia mlango wa kizazi.

3.0 Safari ya Seli na Protini Zinazoiwezesha

Saratani nyingi haziui mahali zilipoanzia. Uvimbe wa titi haukizuii kiungo chochote cha lazima kwa uhai. Kinachoua, katika visa vilivyo vingi, ni seli zinazotoka titini na kwenda kuweka makao katika mapafu, ini, mifupa au ubongo. Neno la kitaalamu la mwendo huo, metastasisi, lina asili ya Kiyunani na maana yake ni kuhama mahali. Katika uwanja wa saratani liliingizwa na tabibu Mfaransa Joseph Récamier mwaka 1829. Wanafunzi wa fasihi watapendezwa kujua kwamba awali lilikuwa pia istilahi ya balagha.

Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Aligundua kwamba seli zilizohama hazikutua kiholela. Ini lilishambuliwa mara nyingi ilhali wengu, ambao pia hupokea damu nyingi, ulisalimika mara nyingi. Ili kulieleza jambo hilo alitumia sitiari ya mkulima: seli ni mbegu, na kiungo ni udongo. Mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu inapokubaliana na udongo. Sitiari hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa dai linaloweza kupimwa, na zaidi ya karne moja baadaye lilipimwa. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba seli za saratani ya matiti hubeba juu yake kipokezi kiitwacho CXCR4, na kwamba mapafu, ini, uboho na tezi za limfu hutoa kwa wingi protini inayokivuta kipokezi hicho. Udongo, kwa maneno mengine, huita mbegu yake.

Kabla ya kuota ugenini, seli inapaswa kuvuka vikwazo kadhaa, na katika kila kikwazo ipo protini inayohusika.

Kikwazo cha kwanza ni kuachana na jirani. Seli za ngozi na za tando za ndani ya mwili hushikana kwa protini iitwayo E-kadherini, ambayo hufanya kazi mithili ya saruji baina ya matofali. Protini hii ikipungua au ikipotea, seli hulegea na kuweza kwenda peke yake. Katika aina moja ya saratani ya matiti, inayoanzia kwenye vijitundu vinavyotengeneza maziwa, E-kadherini hutoweka mara nyingi, na ndiyo maana seli zake huonekana chini ya hadubini zikiwa zimejipanga mstari mmoja mmoja badala ya kufanya bonge. Kiashiria hapa si kuwepo kwa kitu bali ni kukosekana kwake, kama ukimya wa mtu ambaye desturi yake ni kusema.

Kikwazo cha pili ni ukuta. Chini ya tando hizo mna utando wa msingi uliofumwa kwa kolajeni. Seli huutoboa kwa vimeng'enya vya kundi la MMP, hususan MMP-2 na MMP-9. Kimeng'enya cha kwanza cha kundi hili kiligunduliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière katika mkia wa kiluwiluwi wa chura, walipokuwa wakijiuliza mkia huo huyeyukia wapi kiluwiluwi anapogeuka kuwa chura. Kifaa ambacho maumbile yalikiunda kwa ajili ya ukuaji ndicho ambacho saratani hukiazima kwa ajili ya uharibifu.

Kikwazo cha tatu ni chakula na barabara. Mwaka 1971 Judah Folkman wa Marekani alipendekeza kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita kiasi kidogo bila kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Protini kuu inayoiita mishipa hiyo ni VEGF. Mishipa hiyo huleta chakula, na papo hapo huwa njia ya kutokea.

4.0 Namna Kiashiria Kinavyosomwa

Protini hizi hazionekani kwa macho. Ili zionekane, kipande cha nyama kilichokatwa hugandishwa katika nta na kuchanwa vipande vyembamba mno. Juu yake humwagiwa kingamwili iliyoundwa kushikamana na protini moja tu. Kingamwili hiyo huunganishwa na kemikali inayotoa rangi, ambayo kwa kawaida huwa ya kahawia. Palipo na protini hubaki rangi. Pasipo na protini hubaki weupe au samawati ya rangi ya kutofautishia. Mwanapatholojia hutazama kwa hadubini na kuuliza maswali matatu: rangi iko katika sehemu gani ya seli, imekolea kiasi gani, na imeonekana katika seli ngapi kati ya mia.

Hapa ndipo semiotiki inapofaa. Peirce aliainisha ishara katika aina tatu. Ikoni hufanana na kinachorejelewa, kama picha ya mtu. Kiashiria hufungamana na kinachorejelewa kwa sababu au kwa ukaribu, kama moshi na moto. Alama hutegemea makubaliano ya watu, kama neno au bendera. Rangi ya kahawia chini ya hadubini ni kiashiria kwa maana halisi ya Peirce, kwa kuwa ipo pale kwa sababu protini ipo pale. Lakini maandishi kama HER2 2+ ni alama, kwa kuwa mpaka wa 2 na 3 umewekwa na binadamu waliokaa na kukubaliana. Ripoti ya maabara ni tafsiri ya kiashiria kuwa alama. Mgonjwa hupokea alama tu, akidhani amepokea moto wenyewe, ilhali baina ya moto na karatasi pamepita msomaji.

5.0 Viashiria vya Saratani ya Matiti

Viashiria vinavyotangulia kusomwa ni vipokezi vya homoni: ER, kipokezi cha estrojeni, na PR, kipokezi cha projesteroni. Hivi husomwa ndani ya kiini cha seli. Seli yenye kipokezi cha estrojeni hutegemea homoni hiyo ili ikue, na kwa hivyo inaweza kunyimwa. Dawa ya tamoksifeni, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1977, huziba kipokezi hicho. Kwa mujibu wa mwongozo unaotumiwa na maabara nyingi, asilimia 1 ya seli zenye rangi inatosha ripoti kuandikwa chanya. Tangu mwaka 2020 zile zenye asilimia 1 hadi 10 hutajwa kuwa chanya ya chini. Kwa hiyo mama wa mfano wetu mwenye asilimia 90 ana uvimbe unaotarajiwa kuitikia tiba ya homoni.

Kiashiria cha pili ni HER2, protini inayokaa kwenye utando wa nje wa seli na kupokea amri za kukua. Katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti protini hii huzidi kiasi. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba kuongezeka kwa jeni ya HER2 kunahusiana na ugonjwa kurudi upesi na maisha kuwa mafupi. Kilichokuwa habari mbaya kikageuka shabaha: mwaka 1998 dawa ya trastuzumabu, ambayo ni kingamwili inayoishika HER2, iliidhinishwa Marekani. Protini hii hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. Alama 3+ ni chanya. Alama 2+ haiamui lolote, na inadai kipimo cha pili kinachohesabu jeni yenyewe. Alama 0 na 1+ zilihesabiwa kuwa hasi, lakini mwaka 2022 dawa mpya iliidhinishwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao umeenea na wana HER2 kidogo, yaani 1+, au 2+ isiyokuwa na ongezeko la jeni. Watu walioitwa hasi jana wakapata jina jingine na tiba nyingine bila seli zao kubadilika. Mfano bora wa kuonyesha kwamba alama ni makubaliano ni vigumu kupatikana.

Kiashiria cha tatu ni Ki-67, protini inayoonekana katika seli zinazojigawa pekee. Iligunduliwa katika mji wa Kiel, Ujerumani, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1983. Herufi Ki zinatokana na jina la mji huo, na 67 ni nambari ya kundi la seli lililotoa kingamwili iliyotafutwa. Asilimia ya Ki-67 hueleza kasi ya kukua. Hata hivyo, wasomaji wawili wa kipande kile kile wanaweza kutofautiana. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la wataalamu lilishauri kwamba asilimia 5 au chini, na asilimia 30 au zaidi, ndizo zinazoweza kutegemewa katika kuamua tiba. Za katikati zina utata. Asilimia 15 ya mama wa mfano wetu imo katika utata huo.

Ugonjwa unapokuwa umeenea, protini ya damu iitwayo CA 15-3 hufuatiliwa ili kujua kama tiba inafanya kazi. Haifai kutumiwa kuwachunguza watu wazima wa afya, kwa sababu hupanda pia katika maradhi ya ini na uvimbe usio wa saratani, na inaweza kuwa ya kawaida saratani ikiwa bado changa. Ni wingu ambalo huja hata pasipo mvua.

6.0 Viashiria vya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani hii ina historia tofauti, kwani karibu zote husababishwa na virusi vya HPV. Harald zur Hausen wa Ujerumani, ambaye kundi lake lilivitambua virusi vya aina ya 16 mwaka 1983, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina za 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Virusi hivyo hutengeneza protini mbili, E6 na E7. Ya kwanza huivunja p53, protini inayosimamisha seli yenye jeni zilizoharibika. Ya pili huilemaza Rb, protini inayozuia seli kujigawa ovyo.

Hapa ndipo kinapotokea kiashiria cha p16. Protini hii ni mlinzi wa kawaida wa seli, na kazi yake ni kuzuia mgawanyiko. Rb ikishalemazwa, seli huzidi kutengeneza p16 bila mafanikio, kama askari wa getini anayepuliza kipenga usiku kucha ilhali mwizi alikwisha kuingia ndani. Rangi iliyokolea na kutanda ya p16 humwambia mwanapatholojia kwamba virusi vimeiteka seli. Haimwambii kwamba saratani imeenea. Hata mabadiliko ambayo hayajawa saratani, na ambayo yanatibika kikamilifu, huweza kuwa na p16 nyingi.

Kiashiria kinachokaribia zaidi habari ya kuenea ni antijeni ya SCC, iliyoelezwa na Kato na Torigoe wa Japani mwaka 1977. Hupimwa katika damu ya wagonjwa ambao saratani yao imetokana na seli bapa za mlango wa kizazi. Kiwango kikiwa juu kabla ya tiba, daktari huwa na sababu zaidi ya kushuku kwamba tezi za limfu za nyonga zimefikiwa. Kikipanda baada ya tiba, hushuku kwamba ugonjwa unarudi. Lakini maradhi ya ngozi na ya figo pia huweza kukipandisha. Kwa sababu hiyo picha na uchunguzi wa tezi zenyewe ndivyo huthibitisha, na tangu mwaka 2018 hali ya tezi hizo imeingizwa rasmi katika upangaji wa hatua za saratani hii.

Baadhi ya viashiria vimekuwa pia milango ya tiba. VEGF iliyotajwa awali huzuiwa na dawa ya bevasizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi au iliyoenea. Ifahamike hata hivyo kwamba kinga bado ni bora kuliko usomaji wowote. Kenya ilizindua chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mjini Mombasa mwezi Oktoba mwaka 2019.

7.0 Mitego Minne ya Lugha

Mtego wa kwanza ni chanya na hasi. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, matibabu ya Ukimwi yamelifanya neno chanya kumaanisha kuwa na virusi. Katika uwanja mwingine, chanya ni jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Katika ripoti ya saratani neno hilo halimaanishi lolote kati ya haya. Linamaanisha kwamba protini ipo. ER chanya hufungua mlango wa tiba. Kinyume chake, saratani ya matiti isiyo na ER, PR wala HER2, ambayo hutafsiriwa sisisi kuwa hasi mara tatu, ndiyo isiyoitikia tamoksifeni wala trastuzumabu, na huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi miongoni mwa wanawake wenye asili ya Afrika. Mgonjwa anayesikia hasi mara tatu anaweza kurudi nyumbani akishukuru Mungu kwamba hana ugonjwa.

Mtego wa pili ni hatua na daraja. Hatua hueleza ugonjwa umefika wapi mwilini. Daraja hueleza seli zimepotoka kiasi gani kutoka umbo la kawaida. Alama ya HER2 si hatua wala daraja. Mtu mwenye HER2 3+ anaweza kuwa katika hatua ya kwanza. Maneno haya yakichanganywa, mgonjwa anayepona hujiona marehemu.

Mtego wa tatu ni njeo na hali. Imeenea, inaenea na inaweza kuenea ni kauli tatu tofauti, na sarufi ya Kiswahili inazitenganisha bila taabu. Ki-67 iliyo juu haisemi imeenea. Inasema inakua kwa kasi, na kwa hivyo huenda ikaenea. Mfasiri anayeliacha neno huenda amebadilisha utabiri kuwa hukumu.

Mtego wa nne ni jina la uvimbe uliohama. Saratani ya matiti iliyofika mifupani huitwa na wengi saratani ya mifupa. Jina hilo linapotosha tiba, kwa kuwa seli zilizomo mifupani bado ni za titi na bado hubeba aghalabu vipokezi vya titi. Mhamiaji habadilishi nasaba kwa kubadilisha makao.

8.0 Mapendekezo ya Istilahi

Eugen Wüster, mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, alisisitiza kwamba dhana moja ipewe istilahi moja. Kwa kuzingatia kanuni hiyo, inapendekezwa kwamba dalili litumike kwa kile ambacho mgonjwa hukihisi au hukiona, na kiashiria kwa kile kinachosomwa maabarani. Upenyaji utumike kwa kitendo cha seli kuvuka utando wa msingi, na mtawanyiko kwa kufika viungo vya mbali; kuenea libaki neno la jumla linalojumuisha yote mawili. Uvimbe wa awali uitwe uvimbe mama, na ule uliohama uitwe uvimbe tanzu, kisha utajwe pamoja na asili yake: uvimbe tanzu wa titi ulio mfupani.

Kuhusu vipokezi, inafaa sentensi nzima itumike badala ya kivumishi kimoja. Badala ya kusema ER chanya, mhudumu aseme, "Mama, uvimbe wako una vipokezi vya estrojeni, hii ina maana kwamba dawa za homoni zinaweza kuuzuia." Badala ya hasi mara tatu, isemwe kwamba uvimbe hauna vipokezi vitatu vinavyolengwa na dawa hizo, na kwamba tiba nyingine ndizo zitakazotumika. Vifupisho kama HER2, Ki-67 na p16 viachwe vilivyo, kwa sababu ni alama za kimataifa ambazo mgonjwa atakutana nazo katika kila karatasi. Kazi ya Kiswahili si kuvibadilisha bali ni kuvieleza.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Kiswahili kina zana za kutosha za kueleza viashiria vya protini: kina njeo na hali za kutenganisha lililotukia na linaloweza kutukia, kina mnyambuliko wa kuunda istilahi, na kina sitiari za kilimo na nyumba ambazo msikilizaji anazifahamu. Kinachohitajika ni ushirikiano baina ya idara za Kiswahili na vyuo vya tiba, ili istilahi zijaribiwe mbele ya wagonjwa kabla ya kuingizwa kamusini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanzia kwenye karatasi moja ya maabara.

Mama wa mfano wetu bado ameshika karatasi yake. Binti akiwa ametenganisha dhana hizi, anaweza kumwambia kwamba hana virusi. Kwamba vipokezi vyake vinatoa nafasi ya tiba. Kwamba HER2 yake inasubiri kipimo cha pili. Na kwamba hakuna mahali popote katika karatasi hiyo palipoandikwa kwamba saratani imeenea. Mawingu yapo, na hayapaswi kupuuzwa. Lakini kati ya wingu na mvua pana nafasi ya kuanua mahindi, na mtu huanua tu anapoelezwa kwa lugha anayoielewa.